Barua ya Chuo Isifichwe Chini ya Kanga



Mwaka juzi, mwezi wa sita, alikuja dukani kwangu bibi harusi mmoja kupimwa gauni la nikaha. Msichana mpole, ana digrii yake, ana kazi yake ofisini. Nilikuwa nimeinama nampima urefu aliponiambia kwa sauti ndogo, huku anautazama mlango mama yake asije akaingia: "Dada, nimepata chuo. Masta ya uhusiano wa kimataifa, nje, na ufadhili juu yake. Tunaanza Septemba." Nikainuka, nikamkumbatia, nikamwambia mashaAllah. Halafu nikamuuliza, "Na mwenzio anasemaje?" Akatabasamu. "Hajui. Nitamwambia tukishaoana, akishanizoea."

Nilinyamaza. Mimi ni fundi, na mteja akija na mama yake na shangazi zake, fundi hana nafasi ya kutia neno. Nikamshona gauni, akaolewa mwezi wa saba, harusi ikapendeza.

Alirudi baada ya miezi kupunguza nguo ya mdogo wake. Hakwenda chuo. Alimwambia mumewe wiki ya pili ya ndoa, na yule bwana alikataa. Lakini kilichoniuma mimi si kukataa kwake, ni sababu yake. Alimuuliza, "Kama hili umenificha, umenificha na mengine mangapi?" Nafasi ikapotea, na ufadhili nao. Na juu ya hayo, shaka imeingia ndani ya nyumba ambayo haijatimiza hata mwezi.

Tokea siku ile nimekuwa na jambo nataka kulisema, na leo nalisema. Msichana mwenye nia ya kusoma masta aiseme wakati wa posa, kabla ya mahari kutajwa, kabla hajapimwa gauni. Na akishaisema, ipangwe kwa tarehe na kwa pesa, kama tunavyoipanga harusi yenyewe. Kuficha ni kumdhulumu mume, na ni kujidhulumu mwenyewe.

Najua kuna atakayesema, huyu kaishia kidato cha nne na kozi ya ushoni, masta anaijulia wapi? Nimeijulia kwa mdogo wangu. Yeye ndiye aliyesoma, na fani yake ni hii hii. Nimekaa naye usiku mwingi tukisoma masharti ya vyuo kwenye simu, mimi nikiwa natia pindo na yeye ananisomea. Na nimeijulia kwa mabibi harusi, maana kwa zaidi ya miaka kumi wanavua mtandio mbele yangu na wananiambia wasiyowaambia mama zao.

Uhusiano wa kimataifa ni kitu gani hasa?

Naanza hapa kwa sababu mawifi na mama wakwe wengi wakilisikia jina hili wanadhani ni siasa za majukwaani. Wanamuona mke wa mtoto wao keshapanda jukwaani na kipaza sauti.

Ni elimu ya namna nchi zinavyokaa pamoja: mikataba, biashara, mipaka ya bahari, wakimbizi, haki za wafanyakazi walio nchi za watu. Sisi watu wa visiwani hatuwezi kusema haya hayatuhusu. Mwaka 1840 jahazi la Sultana liliondoka Unguja likafika New York, na ndani yake yumo Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said. Leo hapa kwetu zimo konseli za Oman, India na China. Na kila mmoja wetu anaye ndugu, jirani au shoga aliyekwenda kufanya kazi za ndani Ghuba. Akinyimwa mshahara wake, au akizuiliwa pasi yake ya kusafiria, jambo lake linakwenda kwa maofisa wanaojua mkataba unasemaje na mlango gani ubishwe. Mimi nataka miongoni mwa maofisa hao wawemo wanawake waliokulia mitaa yetu, wanaojua yule mama aliyeacha watoto wake kwa bibi yao anapitia nini.

Wapo waliotangulia. Balozi Amina Salum Ali, mwanamke wa Zanzibar, aliuwakilisha Umoja wa Afrika nchini Marekani. Rais Samia Suluhu Hassan aliolewa mwaka 1978, na miaka ya 1990 alisoma stashahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Alikuwa mke wa mtu tayari. Kwa hiyo tusiseme haijawahi kuonekana.

Tumtazame Mama wa Waumini Ummu Salama

Kuna atakayeniambia: bibi harusi mwenye haya hasemi masharti kwenye posa. Mimi namjibu kwa Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake.

Alipofiwa na mumewe Abu Salama, Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimposa. Na ni nani kati yetu angeposwa na Mtume akasema neno? Yeye alisema. Alieleza wazi kuwa ana wivu, na kuwa ana watoto wa kulea. Hakuficha hata moja akangoja mpaka baada ya nikaha. Na Mtume hakukasirika, alimjibu kila jambo kwa upole, kisha ndoa ikafungwa.

Mwanamke huyo huyo, miaka michache baadaye, alikuwepo Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Mkataba na Makureshi ulikuwa umeandikwa, masahaba wameingia huzuni, wameamrishwa wachinje na kunyoa na hakuna aliyeinuka. Mtume aliingia hemani kwake akamueleza. Ummu Salama akamshauri atoke asimsemeshe mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Akafanya hivyo, na watu wakainuka wakamfuata.

Kwa hiyo katika siku ya mkataba mkubwa kuliko yote ya zama zile, ushauri uliotuliza umma ulitoka kwa mwanamke. Na mwanamke huyo ndiye yule aliyesema ukweli wake siku ya posa. Mimi sioni ajabu kwamba ni mtu mmoja. Anayejua kusema jambo zito kwa adabu nyumbani, atajua kulisema na mbele ya mataifa.

Mwezi muandamo na mwezi wa Septemba

Harusi zetu tunazipanga kwa mwezi muandamo: Shaabani kabla ya kufunga, au Mfungo Mosi baada ya Idi. Vyuo vina kalenda yao. Bibi harusi asiyeziweka kalenda mbili hizi pamoja atajikuta siku ya kupaka hina ndiyo siku ya usaili.

Nawapa mifano tuliyoisoma mimi na mdogo wangu. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa nane na hukaa wazi kama miezi miwili. Usaili huwa baada ya mwaka mpya, majibu katikati ya mwaka, masomo Septemba au Oktoba. Yaani tokea kufungua fomu mpaka kupanda ndege ni mwaka mzima na zaidi. Kabla ya hapo wanataka saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili ya ajira, na kazi ya kujitolea nayo inahesabiwa. Unachagua kozi tatu, na unaandika insha: uongozi wako, unavyojenga mahusiano na watu, kwa nini kozi hizo, na utafanya kazi gani baadaye. Masta yenyewe ni mwaka mmoja. Ukimaliza ni lazima urudi nchini kwako kwa miaka miwili. Sharti hili mueleze mchumba wako na wazee wake, maana khofu yao kubwa ni kuwa ukenda hurudi.

Ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, kwa kawaida maombi yake ni kuanzia tarehe 10 Januari mpaka 20 Februari, na kuomba hulipi kitu. Kwa masta wanataka uwe chini ya miaka 30. Wanalipa ada, malazi, posho ya mwezi na tiketi. Lakini mwaka wa kwanza mara nyingi ni wa kujifunza Kituruki, kisha masta kama miaka miwili. Hiyo ni miaka mitatu, na bwana harusi ana haki ya kuijua kuwa ni mitatu. Usimwambie "kozi fupi".

Malaysia kipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa, tokea 1983, na masomo mengi ni kwa Kiingereza. Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha diplomasia tokea miaka ya 1970. Na karibu zaidi, boti ya asubuhi tu, kipo Chuo cha Diplomasia Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji. Siku hizi kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim, mtoto wa Pemba, aliyekuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, kisha akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kutoka 1989 mpaka 2001. Dada, usidharau cha karibu. Kuna ndoa ambayo haitaweza London lakini itaiweza Dar es Salaam.

Na kwenye insha, usiandike kuwa unataka kuleta amani duniani. Mdogo wangu mara ya kwanza aliandika hivyo hivyo, akakosa. Mara ya pili nikamwambia, andika kuhusu yule jirani yetu aliyerudi kutoka Ghuba mikono mitupu, na wewe ulivyomuandikia barua zake zote. Hilo unalijua. Amani ya dunia huijui.

Mume atakuja, au atabaki?

Hapa ndipo penye mazungumzo marefu, na ndipo wengi wanapopakimbia.

Kwanza, safari. Wazee watauliza: atasafiri na nani, mahram wake yuko wapi? Ni suali la haki na si la kumbeza mtu. Wanazuoni wamezungumza juu ya safari ya mwanamke bila ya mahram, na wapo walioangalia usalama wa njia na wenziwe anaosafiri nao. Mimi si mufti. Ninachosema ni hiki: suali hili lipelekwe kwa sheikh mnayemuamini miezi kabla, walii wako na mchumba wako wakiwepo. Lisingoje usiku wa kufunga begi, kila mjomba akatoa fatwa yake.

Pili, sheria za nchi unayokwenda. Wako mabibi harusi wanaomuahidi mume, "tutakwenda sote." Tokea Januari 2024, Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa masta ya kawaida kwenda na mume wala watoto. Wanaoruhusiwa ni wachache, kama wanaofanya masomo ya utafiti au waliofadhiliwa na serikali. Na mfadhili kukulipia wewe si kumlipia na mumeo. Soma masharti kabla ya kuahidi. Ahadi isiyoweza kutimia ni mbaya kuliko kusema "sijui, nitatazama."

Tatu, watoto. Semeni. Haya isiwazuie. Mtasubiri? Na Allah akiruzuku kabla, mtafanyaje? Mtoto ni rizki na si mkosi, na asije akazaliwa akakuta mama yake anamuona kama ndiye aliyemnyima chuo.

Yaandikwe?

Naambiwa, "Si utie sharti kwenye nikaha, basi yakaisha." Kutia sharti ni jambo zuri, na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ametufundisha kuwa masharti yanayostahiki zaidi kutekelezwa ni yale ya ndoa. Lakini tuwe wakweli kuhusu fikihi yetu. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya masharti anayoyaweka mke kwa manufaa yake, kama lile la kutohamishwa mji wake. Wa madhehebu ya Hanbali wameyapa nguvu, na mume akiyavunja mke ana haki ya kudai ndoa ivunjwe. Wengi wa madhehebu mengine, na yetu ya Shafi imo ndani yake, wanaona ndoa inasihi lakini sharti lenyewe halimfungi mume kwa hukumu, ingawa ahadi ya Muislamu ni nzito mbele ya Mola wake.

Maana yake, usijitie matumaini kwa karatasi peke yake. Andikeni, muite mashahidi, muulizeni kadhi au sheikh namna ya kuandika. Lakini kinachokulinda zaidi ni kumchagua mtu ambaye neno lake ni neno, na kumpa nafasi ya kusema hapana akiwa bado mchumba. Hapana ya mchumba inaumiza mwezi mmoja, na hapana ya mume mtaishi nayo.

Mahari, na sare zetu

Sasa nasema jambo litakaloniharibia biashara yangu mwenyewe.

Mahari ni haki ya mwanamke kwa amri ya Allah katika Suratun Nisaa. Si ya baba, si ya shangazi, na si ya fundi. Na mahari si lazima iwe dhahabu. Mtume alimuozesha sahaba masikini kwa mahari ya kumfundisha mkewe Qur'ani aliyoihifadhi. Yaani elimu imekwisha kuwa mahari. Basi kwa nini msichana anayetaka masta asiseme: mahari yangu sitaki seti ya dhahabu, nataka ada ya mwaka wa kwanza, au gharama za pasi, mtihani wa Kiingereza na vyeti? Muulizeni sheikh namna ya kuiandika, hasa kama italipwa baadaye, ili kiasi na muda vijulikane.

Na sare. Wallahi, mimi nakula kwa sare. Harusi moja inaniletea magauni ya shangazi, ya mawifi, ya mashoga, ya kesha, ya nikaha, ya kupokea. Mengine huvaliwa siku moja yakawekwa kabatini. Nimewahi kumuona bibi harusi aliyekosa pesa ya kufanya mtihani wa Kiingereza, na katika harusi yake niliwashonea watu sare za siku tatu. Matokeo ya mtihani ule hudumu miaka miwili. Sare haikudumu wiki. Punguzeni siku moja ya sare. Mimi fundi nimeridhia.

Na mwenye kukimbia aende

Lipo jambo la mwisho, na ni gumu. Mdogo wangu aliposema kwenye posa kuwa anataka kuomba masta, wale watu walimaliza chai yao, wakashukuru, hawakurudi. Nyumba ilinuna. Mama alilia. Mtaani wakasema kazidisha kisomo. Mimi nami, nakiri, nilimwambia kwa hasira, "Si ungenyamaza tu mpaka uolewe!" Namuomba Allah anisamehe kwa neno lile, maana miaka baadaye nilimuona yule bibi harusi wangu aliyenyamaza.

Ilipita mwaka na nusu. Akaja mwengine. Huyu aliuliza masuali mengi: miaka mingapi, nchi gani, nani analipa, mimi nitakuwa wapi. Tuliona kama anakataa, kumbe anapanga. Wakaoana. Mwaka wa kwanza mdogo wangu aliomba akakosa, kama nilivyosema. Alitaka kuacha, na mumewe ndiye aliyemwambia aombe tena. Majibu ya mara ya pili bado tunayasubiri, na Allah ndiye mjuzi. Huenda akakosa tena. Lakini halali na siri kitandani, na mumewe halali na mtu asiyemjua.

Siwaambii kila msichana asome masta. Wako wenye kutaka kulea, kushona, kufanya biashara, na hayo yote ni kheri. Wala siwaambii wanaume wote wakubali. Nawaambia wale wenye barua ya chuo iliyokunjwa chini ya kanga kabatini: itoeni. Muonyeshe mama, muonyeshe walii wako, swali istikhara, kisha muonyeshe anayekuposa. Akikubali, kaeni na kalenda mbili mpange. Akikataa, mwambie asante na muombeane kheri.

Halafu njoo dukani nikupime. Siku hiyo sitakuuliza, "Mwenzio anajua?"

Allah awape mabibi harusi wetu waume wema na elimu yenye manufaa, na awahifadhi walio safarini. Amin.